Nikon D3500 baada ya miaka minne: ushauri kwa mwenye DSLR ya kwanza

Wanaoniomba ushauri wa kamera huanza na swali lilelile: ina megapikseli ngapi? Nawajibu, maana swali ni la haki, kisha nawaomba tuangalie kwingine. Mimi natumia Nikon D3500, kamera ya daraja la chini kabisa katika DSLR za Nikon (kamera zenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha), iliyotangazwa mwaka 2018. Ina megapikseli 24. Kwa miaka minne niliyoibeba sijawahi kupoteza picha kwa sababu ya megapikseli. Nimepoteza nyingi kwa sababu ya fokasi (ukali kuangukia pasipotakiwa), nyingine kwa sababu ya lenzi, na kadhaa kwa sababu kidole changu kilikuwa hakijui kitufe kilipo. Hayo ndiyo nataka kuyaeleza, hasa kwako wewe uliyenunua kamera ya aina hii karibuni na ukaona picha zake hazijafikia ulichotarajia.

Sensa, ile sehemu inayopokea mwanga na kutengeneza picha, tuimalize kwanza, kwa kuwa haina maneno mengi. Ni ya ukubwa wa APS-C, yaani milimita 23.5 kwa 15.6, na inatoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Ukiichapisha kwa nukta 300 kwa inchi unapata picha ya sentimita 50 kwa 34 hivi, na bado ukiisogelea unaona kila uzi wa shati. Canon EOS 300D, ambayo mwaka 2003 iliwafungulia watu wengi mlango wa DSLR, ilikuwa na megapikseli 6 tu, na picha iliyopigwa vizuri kwa kamera ile inapendeza ukutani mpaka leo. Kwenye D3500 mimi natumia ISO 1600 bila wasiwasi wowote (ISO ni kiwango cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Kwenye 3200 chenga, yaani vidoadoa kama mchanga, zinaanza kuonekana kwenye sehemu za giza. Kwenye 6400 chenga zipo, lakini uso wa mtu bado ni uso wa mtu. Kamera inapanda mpaka 25600, na huko juu siendi. Kwa kamera ya kuanzia hiyo ni sensa nzuri sana, na ninasema hivyo kwa moyo wote.

Sasa fokasi.

Mtoto wa dada yangu alipokuwa na miaka mitatu nilimpiga picha akinikimbilia kwenye nyasi. Jua lilikuwa zuri, kamera nilikuwa nimeiacha kwenye otomatiki, nikashikilia kitufe mpaka aliponifikia. Nilipiga picha zaidi ya 30. Nilipozifungua kwenye kompyuta, mbili tu zilikuwa na uso wenye ukali. Katika zilizobaki nyasi za nyuma yake zilikuwa kali kabisa, unaweza kuhesabu majani, na yeye mwenyewe amefifia. Nilidhani lenzi ni mbovu. Nikaipeleka kwa rafiki yangu anayepiga picha kwa kazi, akaigeuzageuza, akapiga tatu nne dirishani, zote kali. Akanirudishia na swali moja: "Nani alikuwa anachagua nukta ya fokasi, wewe au kamera?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. D3500 ina nukta 11 za fokasi, yaani sehemu za fremu ambazo kamera inaweza kuzitumia kupima ukali, na ukiiacha ijichagulie, inachukua inayoipata kwa urahisi. Mara nyingi ni kitu kilicho karibu, au kitu chenye mistari mingi na utofauti mkubwa wa mwanga na giza. Nyasi zina mistari kuliko shavu la mtoto.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawaambiwi dukani. Nukta hizo 11 hazina nguvu sawa. Ya katikati peke yake ndiyo ya msalaba, maana yake inasoma mistari ya wima na ya mlalo kwa pamoja. Kumi zilizobaki zinasoma mwelekeo mmoja tu. Unaweza kulijaribu hili sasa hivi kama kamera iko karibu. Chagua nukta ya pembeni, ielekeze kwenye ukingo wa mlango, bonyeza shata (kitufe cha kupigia picha) nusu. Kisha igeuze kamera iwe wima, elekeza nukta ileile kwenye ukingo uleule, bonyeza tena. Upande mmoja itakamata mara moja, upande mwingine lenzi itahangaika mbele na nyuma, hasa chumba kikiwa na mwanga hafifu. Rudia kwa nukta ya katikati: itakamata kotekote. Siku niliyofanya jaribio hilo nilielewa picha zangu nyingi zilizoharibika kuliko siku nyingine yoyote.

Kwa hiyo ninachokushauri ni hiki: ingia kwenye menyu, chagua fokasi ya nukta moja, iweke katikati, na uizoee. Kitu kikiwa kimetulia tumia AF-S, ambayo inafunga fokasi ukibonyeza nusu na kuishikilia. Kitu kikitembea tumia AF-C, inayoendelea kukifuata. Halafu fanya badiliko moja ambalo mwanzoni litakusumbua kidole gumba kwa wiki nzima: kitufe cha AE-L/AF-L kilichoko nyuma ya kamera kipe kazi ya AF-ON. Kuanzia hapo fokasi inafanywa na kidole gumba, na kidole cha shahada kinabaki na kazi ya kupiga tu. Ukiweka AF-C na mpangilio huu, huhitaji kubadilisha kitu tena. Mtu akiwa amekaa, unabonyeza gumba mara moja na kuachia, fokasi imebaki pale. Akianza kutembea, unashikilia gumba. Mtoto yule nilimpiga tena akikimbia wiki chache baadaye, nukta ya katikati nikiwa nimeikaza kifuani kwake, na kati ya kila picha kumi sita au saba zilikuwa za kutunza.

Tahadhari moja. Kufokasi kwa nukta ya katikati kisha kuzungusha kamera ili mtu akae pembeni ya fremu kunafaa pale kina cha ukali, yaani eneo la mbele hadi nyuma linaloonekana kali, kinapokuwa kikubwa. Ukiwa umefungua lenzi mpaka f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa) na uko mita moja kutoka kwa mtu, mzunguko huo mdogo unatosha kuhamisha ukali kutoka jichoni kwenda sikioni. Hapo rudi nyuma hatua mbili na utakata picha baadaye, una pikseli za kutosha, au kubali kutumia nukta ya pembeni ukiwa kwenye mwanga wa kutosha.

Na tafadhali, weka jicho kwenye kidirisha, kile kijitundu cha kuchungulia juu ya skrini. Waliotoka kwenye simu hupenda kunyoosha mikono na kutazama skrini, kisha wanasema kamera ni nzito kufokasi. Ndani ya DSLR kuna kioo kilichoinama. Mwanga unaoingia kwenye lenzi unagonga kioo hicho na kupanda juu hadi jichoni kwako, na sehemu yake ndogo inapenya na kushushwa chini kwenye kifaa cha fokasi. Kifaa hicho kina kasi sana. Ukiwasha skrini, kioo kinainuka, mwanga haukifikii tena, na D3500 inalazimika kutafuta fokasi kwa kuisoma picha yenyewe, ikisogeza lenzi na kulinganisha mpaka ipate. Kwa ua lililotulia haina neno. Kwa mtoto ni kupoteza muda. Kidirisha nacho kina upungufu wake: kinakuonyesha asilimia 95 ya picha, kwa hiyo kitu ulichodhani umekiacha nje ya fremu kinaweza kuchungulia ukingoni. Nikipiga kundi la watu huwa nasogea pembeni kidogo nikijua kuna mkono au nguzo inayoweza kuingia.

Lenzi ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi kuielewa. Inayokuja na kamera ni 18-55mm, na toleo la AF-P VR ni kimya, linafokasi haraka, na lina kitulizi cha mtikisiko. Mchana, nje, sina lawama nayo. Shida ni mwanga inaouruhusu. Kwenye 18mm tundu lake linafunguka mpaka f/3.5, na ukivuta mpaka 55mm linabaki f/5.6. Niliombwa na ndugu kupiga picha kwenye sherehe ndani ya ukumbi wenye taa za njano. Nikiwa 55mm, ISO 6400, kasi ya shata (muda ambao mwanga unaingia) niliyoweza kupata ilikuwa 1/40 ya sekunde. Kitulizi kilifanya kazi yake: meza, maua na pazia vimetulia kabisa. Watu waliokuwa wakicheza walikuwa mistari ya rangi. Kitulizi kinatuliza mkono wako wewe, hakimsimamishi anayecheza, na hilo usilisahau ukisoma maelezo ya lenzi yoyote.

Hesabu yake ni nyepesi. Tundu la f/1.8 linapitisha mwanga karibu mara 10 ya f/5.6. Ukumbi uleule, taa zilezile, lenzi ya f/1.8 ingenipa 1/250 kwa ISO 4000. Watu wanasimama kwenye picha, na chenga zinapungua pia. Hakuna bodi ya kamera, hata ya ghali kiasi gani, itakayokupa badiliko la namna hiyo kwa uzito mdogo namna hiyo. Baada ya sherehe ile nilianza kuweka akiba, si kwa ajili ya kamera nyingine, bali kwa ajili ya AF-S DX 35mm f/1.8G. Kwenye sensa ya APS-C ya Nikon unazidisha 35 kwa 1.5, unapata mwono wa karibu 52mm, ambao ni wa kawaida na hauharibu sura ya mtu.

Picha ya kwanza ninayoipenda niliyopiga nayo ni ya bibi yangu. Alikaa kando ya dirisha akichagua vifungo vya nguo kwenye bakuli. Nilizima taa ya chumbani ili mwanga uwe wa upande mmoja tu, nikaweka f/2.2, 1/160, ISO 400, nukta ya katikati kwenye jicho lililo karibu na dirisha. Nikasubiri. Aliinua kifungo kimoja cheupe kwenye mwanga akikikagua, nikapiga. Kope zinahesabika, mikunjo ya kidole gumba inaonekana, na ukuta wa nyuma umeyeyuka kuwa rangi tupu. Kamera ni ileile niliyokuwa nikiilaumu kwenye nyasi.

Kabla hujanunua lenzi ya pili, hasa iliyotumika, soma herufi zake. Bodi za Nikon za daraja hili hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi lazima iwe na mota yake, na herufi za kutafuta ni AF-S au AF-P (AF-S hii ni jina la lenzi, si ile ya kwenye menyu). Niliwahi kununua 50mm iliyoandikwa AF pekee. Muuzaji hakusema, mimi sikuuliza. Niliifunga, nikabonyeza, kimya. Ilikuwa lenzi nzima isiyo na kosa, ila kila picha ilinibidi nizungushe fokasi kwa mkono. Wenye Canon hawana mtihani huu, kwa kuwa tangu mfumo wa EF ulipoanza mwaka 1987 mota imekaa ndani ya lenzi. Wao wana mtihani mwingine: Canon EOS 2000D na 4000D hazina kile kipande cha chuma cha katikati kwenye sehemu ya kuchomekea flashi, kwa hiyo flashi nyingi za kampuni nyingine haziwaki juu yake. Ukitaka flashi ya nje kwa kamera hizo, hakikisha imetengenezwa kwa ajili yake. Flashi ndogo ya juu ya kamera, kwa bodi zote hizi, naifungua mara chache sana: kumjaza mtu mwanga usoni jua likiwa mgongoni mwake, basi.

Kamera ya kuanzia imebanwa pia kwenye vitufe. D3500 ina gurudumu moja tu la kuzungusha. Ukiwa kwenye M, ambako unapanga kila kitu mwenyewe, gurudumu hilo linabadili kasi ya shata, na ukitaka kubadili tundu lazima ushikilie kitufe cha kujumlisha na kutoa karibu na shata huku unazungusha. Kwa mandhari unaweza kupiga hivyo siku nzima. Kwa tukio linalokwenda, utachelewa. Nilijilazimisha kutumia M kwa miezi kadhaa kwa sababu nilisikia wapiga picha wa kweli hutumia M, na leo nakushauri usijitese. Weka A, ambako wewe unachagua tundu na kamera inachagua kasi (Canon wanaiandika Av), washa ISO ya otomatiki, weka kikomo cha juu 6400 na kasi ya chini ya shata 1/200 kama unapiga watu. Unabaki na kazi moja, kuchagua tundu, na ukiona picha ina giza au imeungua unarekebisha kwa kile kitufe cha kujumlisha na kutoa. Kamera inajua kuhesabu. Wewe tazama uso wa mtu.

Piga RAW ukiweza, yaani faili ghafi ya sensa badala ya JPEG. Faili ni kubwa na lazima uifungue kwa programu, lakini sehemu za giza za D3500 zinakubali kuinuliwa sana bila kuharibika. Sehemu nyeupe iliyoungua hairudi, kwa hiyo kwenye jua kali mimi hupunguza mwanga kidogo makusudi na kuinua giza baadaye. Gauni jeupe lililoungua halina dawa.

Kasi ni picha 5 kwa sekunde, na EOS 2000D ni 3. Kwa RAW utasikia mlio wa shata unapungua kasi mapema kwa kuwa kumbukumbu ya ndani imejaa na kadi bado inaandika. Ukibonyeza shata nusu, kidirishani inatokea herufi r na namba pembeni yake: hiyo ni idadi ya picha ambazo kumbukumbu bado inaweza kupokea. Nilipoanza kuiangalia nikaacha tabia ya kumimina. Napiga tatu, napumua, napiga tatu.

Betri ni raha tupu. Kipimo rasmi cha D3500 ni picha 1,550 kwa chaji moja, kwa sababu kidirisha cha kioo hakili umeme. Nimepiga safari ya siku nne bila kugusa chaja. Ukishinda kwenye skrini au video, namba hiyo isahau. Video yenyewe ni ya HD kamili hadi fremu 60 kwa sekunde, haina 4K, na kamera haina tundu la maikrofoni. Kama kazi yako kubwa ni video, tafuta kamera nyingine, usijipe moyo.

Kamera hii haitengenezwi tena, na watengenezaji wamehamishia nguvu kwenye zisizo na kioo, kwa hiyo wengi mtaipata ikiwa imetumika. Nasema nunua, ila kagua kwa mikono yako. Omba picha moja ya JPEG iliyopigwa siku hiyohiyo. Faili za Nikon hubeba ndani yake idadi ya mara shata ilizopiga, na zipo programu za kuisoma. Weka f/16, piga ukuta mweupe au anga, kisha ikuze picha utazame madoa ya vumbi. Vumbi husafishwa, lakini ukijua lipo unajua pia lenzi zilikuwa zikibadilishwa wapi na vipi. Elekeza lenzi kwenye taa na uchungulie ndani kama kuna kuvu, ile nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Ukiiona, lenzi hiyo iache. Fungua mlango wa betri na wa kadi, ufunge, usikie kama unashika. Mwisho chagua nukta ya katikati, ielekeze kwenye ukingo wa kitu chochote kilicho mwangani, bonyeza nusu. Inatakiwa ikujibu kwa mlio mmoja mfupi, papo hapo. Ikihangaika mbele na nyuma mchana kweupe, jaribu kwa lenzi nyingine, na ikiendelea kuhangaika mrudishie mwenyewe.